Usafi wa Jiji si Kusukumiana Taka

Yafuatayo ni maelezo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya wakazi, viongozi wa mitaa na vikundi vya vijana wa kata moja ya jiji la Dar es Salaam, waliokutana kuzungumzia usafi wa maeneo yao.



Nimeombwa niseme machache juu ya namna wakazi wa jiji letu wanavyoweza kushirikiana ili jiji liwe safi. Nakushukuruni kwa heshima hiyo. Lakini kabla hatujasema tufanye nini, hatuna budi kukubaliana juu ya maana ya neno lenyewe. Wengi wetu tunaposema kwamba mahali fulani ni pasafi, tuna maana moja tu: kwamba pale tulipo sisi taka hazionekani. Zimekwenda wapi, hatuulizi. Mtu huamka alfajiri, akafagia uwanja wake, akazikusanya taka zake vizuri, kisha akaenda kuzimwaga mtaroni. Uwanja wake unang'aa. Je, amesafisha? Hakusafisha. Amehamisha.

Hilo ndilo ninalotaka tulitafakari leo. Taka haimaliziki kwa kutupwa. Kila taka inayotoka kwangu bila mpango huenda kwa mwenzangu, na mara nyingi mwenzangu huyo ni yule aliye bondeni, au mnyonge kuliko mimi, au asiye na wa kumsemea. Kwa hiyo suala la usafi wa jiji ni suala la usawa na haki baina ya wakazi, si la ufagio na toroli peke yake. Tukilielewa hivyo, tutaona kwa nini juhudi zetu nyingi zimekuwa zikianza kwa kishindo na kwisha kimya kimya.

URITHI WA MKOLONI

Tabia hii ya kusukumiana taka hatukuianza sisi. Mji huu ulipopangwa na wakoloni, ulipangwa kwa kubaguana. Palikuwa na Uzunguni, palikuwa na Uhindini, na palikuwa na mitaa ya Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo tunauona kama mahali pa mikutano na mapumziko, uliachwa wazi ili utenge Uhindini na Kariakoo, na kisingizio kilichotolewa kilikuwa ni afya. Huduma za kuzoa taka, za mitaro na za majitaka zilitolewa kwa wingi kule alikokaa mkubwa, na kwa uhaba kule alikokaa mtumishi wake. Falsafa ya mpango ule ilikuwa nyepesi: uchafu ukae kwao, usije kwetu.

Uhuru ulikuja kuukataa ubaguzi huo. Lakini ndugu zangu, kuuondoa ubaguzi katika sheria ni kazi moja, na kuuondoa katika desturi ni kazi nyingine. Kila anayesomba taka za duka lake usiku na kuzibwaga mbele ya shule, na kila anayemlipa kijana mwenye guta bila kumwuliza taka anakwenda kuzimwaga wapi, anaendeleza falsafa ile ile. Tofauti ni kwamba mkoloni alichora mpaka kwa ramani, na huyu anauchora kwa mguu wa guta.

Mji nao umekua. Sensa ya 1967 ilikuta wakazi wa Dar es Salaam hawajafika 400,000. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Tufanye hesabu nyepesi ya darasani. Tuseme kila mmoja wetu anatoa nusu kilo tu ya taka kwa siku. Hizo ni tani zipatazo 2,690 kila siku ya Mungu, bila Jumapili wala sikukuu. Lori la tani saba litahitaji safari zaidi ya 380 kwa siku kuzimaliza. Na nusu kilo, kwa mtu anayepika, anayefua, anayenunua maji ya chupa na kula machungwa, si kipimo kikubwa. Jiji la ukubwa huu haliwezi kuendeshwa kwa desturi za mji wa zamani, ambapo kila nyumba ilikuwa na shimo lake uani na mgomba juu ya shimo.

FUNDISHO LA TABATA

Nataka niwakumbusheni jambo moja la historia yetu wenyewe, ambalo vijana wengi hawalijui. Kwa miaka mingi taka za jiji hili zilikuwa zikimwagwa Tabata. Wakati zilipoanza kumwagwa, wakazi wa hapo walikuwa wachache. Mji ulipopanuka, wananchi wakajikuta wanaishi na moshi, nzi na harufu mchana na usiku. Walilalamika kwa njia za kawaida, wasisikilizwe. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki Halmashauri ya Jiji, na wakashinda. Halmashauri ikaomba muda, na ikaongezewa. Lakini ilipoomba muda zaidi, mwaka 1991, Jaji Lugakingira aliikatalia. Msimamo wake ulikuwa wazi: chombo cha umma hakina ruhusa ya kuhatarisha maisha ya watu ambao kimewekwa kuwahudumia.

Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa wananchi walioshirikiana. Lakini tazameni kilichofuata. Taka zilizotoka Tabata hazikuyeyuka. Zilipelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao, wapatao 795, wakafungua shauri lao mwaka huo huo wa 1991, wakieleza kwamba haki yao ya kuishi, iliyotajwa katika Katiba, inavunjwa. Nao wakashinda. Taka zikahama tena. Zikaenda Vingunguti, zikaenda Mtoni, na hatimaye zikafika Pugu Kinyamwezi, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji.

Katika historia hiyo yamo mafundisho mawili, na yote mawili tunayahitaji. La kwanza ni kwamba wananchi wakiungana, wakajua haki yao na wakaisimamia kwa utaratibu, husikilizwa.  Watu wa Tabata walikwenda mahakamani, wakatoa hoja, wakangoja, wakarudi tena mpaka wakapata haki. La pili ni kwamba haki ya mtaa mmoja haijawa haki ya jiji zima iwapo taka zile zile zinahamia tu kwa jirani. Kutoka Tabata hadi Pugu tumekuwa tukijibu swali la 'wapi', na tumelisahau swali la 'kiasi gani' na la 'namna gani'.

Swali la umbali nalo si dogo. Lori linalokwenda Pugu na kurudi, katika foleni tunazozijua sote, hula nusu ya siku. Lori moja linafanya safari chache, mafuta yanakwisha, matairi yanaisha, na mtaani kwetu viroba vinangoja wiki ya pili. Kwa hiyo kila kilo tunayoizuia isipande lori ni msaada kwa mtaa wetu, na ni msaada kwa watu wa Pugu ambao hawakuchagua kuwa jalala la jiji.

MAJI HAYAJUI MPAKA WA KATA

Mwalimu mkali kuliko wote katika somo hili ni maji. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini penye Daraja la Selander. Kila mtaro wa bonde hilo ni mtoto wa mto huo. Unapotupa kirago kibovu mtaroni kule juu, unampelekea mtu wa Jangwani barua ambayo mvua itaifikisha.

Desemba 1961 tulipandisha bendera. Desemba 2011, siku chache tu baada ya kuadhimisha miaka 50 ya siku hiyo, ilinyesha mvua ambayo jiji halikuwa limeona mfano wake kwa zaidi ya miaka 50. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, na maelfu wakakosa makazi. Wengine walipewa viwanja Mabwepande. Sitasema kwamba taka ndizo zilizoleta mvua ile. Mvua ni ya Mungu, na kujenga katika bonde la mto ni tatizo linalojitegemea. Lakini mtaro uliojengwa kupitisha maji, ukijazwa chupa, nepi, matambara na mchanga, haupitishi maji. Maji yakikosa njia yake hutafuta mlango wa mtu.

Tena maji hayo hayaji matupu. Sote tunaijua desturi mbaya ya kutapisha vyoo wakati wa mvua. Mtu anangoja wingu lishuke, anatoboa ukuta wa shimo lake, na kinyesi cha mwaka mzima kinapelekwa barabarani. Huona amekwepa gharama ya gari la majitaka. Kumbe amemtumia jirani yake kipindupindu. Agosti 2015 ugonjwa huo ulilipuka hapa Dar es Salaam, ukaenea katika mikoa mingi na kufika hadi Zanzibar, na waliougua walizidi 10,000. Watu walifiwa na wazazi na watoto kwa ugonjwa ambao dawa yake ya kwanza ni choo chenye mfuniko, maji yaliyochemshwa na mikono iliyonawa.

Na si kipindupindu peke yake. Mbu aenezaye matende na mabusha huzaliana katika maji machafu ya vyoo na makaro. Mbu wa homa ya dengue, ambayo iliusumbua mji huu mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huzaliana katika maji safi yaliyotuama kwenye kifuu, kopo au tairi bovu nyuma ya gereji. Mbu hao hawaulizi kama wewe umefagia. Wahenga wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Uchafu nao, uupeleke tezi au omo, mwisho utaukuta ngamani, na ngama ya jahazi hili ni yetu sote.

'HIYO NI KAZI YA HALMASHAURI'

Najua wapo ndugu watakaosema: sisi tunalipa kodi, tunalipa ushuru, na usafi ni kazi ya halmashauri; iweje tubebeshwe mzigo huu? Hoja hiyo haistahili kubezwa, kwa sababu ndani yake mna ukweli. Serikali za miji zilivunjwa katika miaka ya mwanzo ya 1970 na kurejeshwa mwaka 1978, na miongoni mwa sababu za kuzirejesha ni kwamba miji ilikuwa imechakaa na huduma zake zimezorota. Hii ina maana kwamba nchi yetu ilikwisha jifunza kwamba mji hauwezi kujiendesha bila chombo cha kuusimamia. Malori, dampo, mitaro mikubwa, maafisa afya na mahakama ni wajibu wa halmashauri, na mwananchi ana haki ya kuudai wajibu huo bila kuogopa na bila kutukana.

Lakini hakuna halmashauri duniani inayoweza kuweka mgambo katika kila mlango. Tukubali pia kwamba tatizo la kuzoa taka mitaani mwetu lina mzunguko wake, na mzunguko huo sote tunaujua. Mzabuni hapiti kwa wakati, kwa hiyo mwananchi anakataa kulipa ada. Mwananchi halipi, kwa hiyo mzabuni hana fedha za mafuta wala za vibarua. Hana mafuta, kwa hiyo hapiti. Mwananchi aliyechoka kungoja anazitupa taka usiku, na mtaa unachafuka zaidi. Kila mmoja ana sababu, kila mmoja anamnyoshea kidole mwenzake, na nzi wananenepa.

Mzunguko huo hautakatwa kwa hotuba. Utakatwa na imani, na imani hujengwa kwa uwazi. Mwananchi anayelipa ana haki ya kujua ni nyumba ngapi katika mtaa wake zimelipa, zimepatikana shilingi ngapi, lori lilikuja mara ngapi na lilipaswa kuja mara ngapi. Hesabu hizo zikibandikwa ukutani mwa ofisi ya mtaa kila mwezi, mambo mawili yatatokea. Asiyelipa ataona haya, kwa sababu majirani watamjua. Na aliyezoea kula ada bila kazi ataogopa, kwa sababu majirani watamjua yeye pia.

TULIKWISHA WEZA

Wapo wanaokata tamaa na kusema kwamba Watanzania hawawezi kubadilika. Historia inawakanusha. Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka na kutenda: wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Siri ya kampeni ile haikuwa redio. Siri ilikuwa kwamba watu waliamua wenyewe, katika kikundi, ni jambo gani watalifanya kabla ya kukutana tena.

Desemba 9, 2015, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na kuifanya siku hiyo kuwa siku ya usafi, naye mwenyewe akaonekana akizoa taka karibu na soko la samaki la Feri. Baadaye Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ikatengwa kwa ajili ya usafi nchini. Ulikuwa mwanzo mzuri. Lakini tuseme kweli: katika mitaa mingi Jumamosi hiyo imegeuka kuwa siku ya kufunga maduka hadi saa nne asubuhi. Na pale panapofanyika kazi, mara nyingi tope na taka hutolewa mtaroni na kuachwa ukingoni mwa mtaro ule ule. Mvua ya kwanza inazirudisha zilikotoka. Kazi imefanyika, picha zimepigwa, na mtaro uko vile vile.

Jirani zetu wa Rwanda wana siku kama hiyo, waiitayo Umuganda. Wengi husifu usafi wa Kigali kama vile umeletwa na ufagio. Ukichunguza, utaona kwamba baada ya kazi za mikono wakazi hukaa pamoja na kuzungumza mambo ya mtaa wao. Sisi tumechukua ufagio, mkutano tukauacha. Na hapa kwetu nyumbani upo mji wa Moshi, ambao umeshinda mara nyingi mashindano ya usafi ya kitaifa. Wanaoujua mji ule wanasema kwamba sheria ndogo zake hazichagui mtu, na kwamba anayetupa taka ovyo hukemewa na mpita njia kabla mgambo hajamfikia.

Mfano wa mwisho ni wa mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku Juni 1, 2019. Wengi walisema haitawezekana. Ndani ya muda mfupi vikapu vilirudi mikononi, na mitaro ilipata nafuu. Lakini baadaye vifungashio laini, ambavyo viliruhusiwa kwa kufungia bidhaa tu, vikaanza kutumika kama mifuko. Fundisho ni kwamba sheria hufungua njia, lakini anayeilinda njia isiote majani ni mwananchi mwenyewe, pale anaposema dukani: sihitaji hicho, nimekuja na kikapu changu.

TUFANYE NINI?

Ndugu wananchi, napendekeza mambo sita, na yote yamo ndani ya uwezo wa mtaa.

Kwanza, tukutane. Kila mtaa ujigawe katika vikundi vya nyumba chache zinazotumia njia moja na mtaro mmoja. Zamani mashina ya nyumba kumi yalifanya kazi hii vizuri. Leo, katika nchi yenye vyama vingi, mashina ni ya chama, na taka hazina chama. Kwa hiyo vikundi hivi viwe chini ya serikali ya mtaa, na kila mkazi awemo: mwenye nyumba na mpangaji, mwenye chama hiki, mwenye chama kile na asiye na chama. Mpangaji asiseme yeye ni wa kupita. Taka zake si za kupita.

Pili, tutenganishe taka nyumbani. Zaidi ya nusu ya taka zetu ni maganda, mabaki ya chakula na majani, vitu ambavyo vikiwekwa peke yake huwa mboji, na vikichanganywa na chupa na nepi huwa uvundo. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande kinachotumia taka za aina hiyo, hasa kutoka masokoni. Lakini kiwanda hakiwezi kuchambua kile ambacho sisi tumekichafua kwa makusudi. Ndoo mbili jikoni, moja ya vinavyooza na moja ya visivyooza, si gharama ya kumshinda mtu. Wenye magenge, mama lishe na wauza matunda ndio waanze, kwa kuwa wao ndio wenye maganda mengi.

Tatu, kila mtaro uwe na wenyewe. Kikundi kipewe kipande chake, kutoka nguzo hii hadi kalavati lile, na kiwajibike nacho kabla ya mvua za vuli na kabla ya masika. Na tukubaliane hapa hapa: tope lililotolewa mtaroni liondoke siku ile ile. Kama hakuna lori wala toroli la kulibeba, tusianze kazi mpaka limepatikana. Wakazi wa Hananasifu, katika miaka ya 1990, walishiriki kwa mikono yao kujenga mitaro na njia za mtaa wao uliokuwa ukizama kila masika. Mtu aliyeubeba udongo wa mtaro kichwani hawezi kuutupia taka, wala hatamruhusu mwingine.

Nne, vyoo. Hili ni jambo la aibu kulisema, na kwa sababu hiyo ndilo linalotuua. Kutapisha choo ni kosa, na kikundi kilichukulie hivyo. Lakini kukemea peke yake hakutoshi, maana wapo wasio na uwezo wa kulipia gari la majitaka kwa mkupuo. Majirani wanaweza kuweka akiba ndogo kila wiki, wakaita gari moja kwa nyumba kadhaa na kugawana gharama. Watu wanaoweza kuchangia harusi kwa mamilioni hawashindwi kuchangia uhai wao.

Tano, tuwaheshimu wazoa taka. Katika jiji hili wako vijana na akina mama wanaosukuma mikokoteni tangu alfajiri, na wako waokota chupa na makopo ambao bila wao mitaro ingekuwa imejaa zamani. Tunawaita kwa majina ya dharau, tunawafungia mageti, tunachanganya vipande vya chupa zilizovunjika na sindano katika kiroba tunachojua kwamba watakishika kwa mikono mitupu. Huo ni unyanyasaji wa mfanyakazi. Mtaa udai katika mkataba wa mzabuni kwamba watu wake wawe na glovu, mabuti na ujira unaolipwa kwa siku yake. Mkono mtupu haulambwi, na mtu asiyelipwa hawezi kutusafishia mji.

Sita, tudai haki yetu kwa utaratibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imempa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa katika mazingira safi, salama na yenye afya, na sheria hiyo hiyo imempa wajibu wa kuyalinda. Mambo hayo mawili ni mapacha. Mtaa uliotimiza wajibu wake, wenye daftari la ada na kumbukumbu za siku ambazo lori halikuja, una nguvu kubwa mbele ya diwani, mbele ya mkurugenzi, na ikibidi mbele ya jaji. Mtaa unaolalamika huku umeujaza mtaro wake mwenyewe hauna pa kusimamia.

MWISHO

Ndugu Mwenyekiti, nimesema kwamba kusukumiana taka ni urithi mbovu. Kuuacha urithi huo kutatugharimu. Kutataka mtu aliye mlimani amfikirie aliye bondeni, ambaye huenda hatamwona maisha yake yote. Kutataka mwenye gari afikirie mtoto anayekwenda shuleni kwa kuruka madimbwi, na mkazi wa katikati ya jiji afikirie mkazi wa Pugu kila anapofunga kiroba chake. Huko ndiko kuishi mjini kama raia. Watu milioni tano wanaoishi mahali pamoja bila kufikiriana hawajawa jiji. Ni msongamano tu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Naomba kwamba kabla hatujatawanyika hapa, kila mtaa utaje siku ya mkutano wake wa kwanza na kipande cha mtaro utakachoanza nacho, na mtendaji wa kata ayaandike majina ya waliopewa dhamana. Masika hayatasubiri tumalize kujadiliana.